Shangazi, mwanangu akiona kijiko anataka kutapika

Shikamoo shangazi,

Nakuandikia usiku. Mwanangu amelala na mashine ya oksijeni inavuma pembeni yetu. Nimeizoea sauti yake hadi ikikatika ni mimi ninayeshtuka, si yeye.

Ni mtoto wa kiume, ana miezi 14. Alizaliwa njiti, wiki ya 27, na gramu 920. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia wiki 5, kisha akawekewa oksijeni ya puani, na tuliporuhusiwa tulitoka nayo. Daktari alituambia mapafu yake yana ule ugonjwa sugu wa watoto njiti, wenyewe wanauita kwa kifupi BPD. Mengine namshukuru Mungu. Anacheka, anakaa mwenyewe, akiniona anapiga kelele za furaha. Shida ni kula.

Wodini alilishwa kwa mrija wa puani. Ulitolewa siku chache kabla hatujarudi nyumbani kwa sababu alikuwa ameanza kunyonya chupa. Nyumbani mambo yakageuka. Chupa moja inachukua saa nzima, wakati mwingine saa moja na nusu. Ananyonya mara tatu nne, anasimama, anahema, kichwa kinalowa jasho, kisha anageuza uso. Nilipoanza kumpa vyakula laini ikawa vita. Sasa akikiona kijiko tu, hakijafika hata kidevuni, anakunja uso, koo linajikamua, na mara nyingi anatapika kweli.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia daktari. Huwa ninamzungushia shuka mikono isitoke, mama mkwe anamshika kichwa, mimi naingiza kijiko. Akilia ndipo mdomo unapofunguka. Usiku nampa chupa akiwa usingizini, kwa kuwa hapo hapigani, na maziwa mengi anayapata saa hizo. Wakati wa kula huwa namtoa mpira wa oksijeni puani, maana anauvuta na unajaa chakula. Pamoja na yote hayo, nikijumlisha siku nzima hazizidi mililita 650 za maziwa, na vijiko viwili vitatu ambavyo nusu yake viko kwenye nguo.

Ana kilo 6.6. Miezi mitatu sasa hajaongeza kitu, na ndani ya miezi hiyo amelazwa mara mbili kwa nimonia. Kliniki ya mwisho daktari alisema mrija urudi, na kama utahitajika kwa muda mrefu, atafanyiwa upasuaji mdogo alishwe moja kwa moja tumboni. Nililia mbele ya watu. Mama mkwe anasema mtoto wa mrija husahau kula maisha yake yote, na kwamba huyu ni mkaidi tu, nimemdekeza. Baba yake anasema tusubiri kwanza. Mimi saa ya kula ikikaribia mikono inaanza kutetemeka.

Shangazi, ni ukaidi? Tukikubali mrija tutakuwa tumemharibu? Na kuna siku mtoto huyu atakaa na kula kama wenzake?

Mama Kijiko

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku wote huo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikwama kwenye sentensi moja uliyoipitisha haraka, ile ya kumtoa oksijeni wakati wa kula. Tuanzie hapo, kwa sababu hilo unaweza kulibadilisha kesho asubuhi bila kumsubiri daktari wala mama mkwe. Usimtoe.

Kila mtu anapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa kitambo kidogo, chini ya sekunde moja hivi, ndipo ifunguke avute pumzi. Mtoto mwenye mapafu mazima hupokezana kunyonya, kumeza na kupumua bila kujua kwamba anafanya kazi tatu. Wako anaanza safari akiwa tayari anahema. Tuseme anapokula anafika pumzi 60 kwa dakika: pumzi moja inapata sekunde moja tu, kuingia na kutoka. Kumeza kukichukua sehemu kubwa ya sekunde hiyo, hewa itapitia wapi? Kwa hiyo ananyonya mara tatu nne kisha anasimama. Hajakataa maziwa, anatafuta pumzi. Panda ngazi mbio siku moja, na ukifika juu unywe glasi nzima ya maji bila kuishusha mdomoni, utamwelewa. Halafu fikiria kuna mtu amekupunguzia hewa kabla hujaanza kupanda.

Oksijeni ikishuka, mwili hubana matumizi, na kukua ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Mwaka 1987 ulichapishwa utafiti wa watoto wenye ugonjwa kama wa mwanao waliokuwa wakitumia oksijeni nyumbani. Wale ambao wazazi wao waliwaachisha mapema kinyume cha ushauri, uzito wao ulisuasua ghafla. Kwa hiyo mbandike mpira mashavuni kwa plasta, mwingine upitie mgongoni ndani ya nguo asiufikie, na ukichafuka ufutwe akiwa bado anao. Mkirudi kliniki omba apimwe kiwango cha oksijeni akiwa anakula na akiwa amelala. Mtoto aliyepimwa ametulia kwenye mapaja ya mama yake anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe kwenye chupa anashuka. Huenda akahitaji kuongezewa kidogo saa za kula. Hilo ni la daktari kupanga, usizungushe kitufe mwenyewe.

Sasa hilo la ukaidi. Mwanangu, hebu rudi nyuma uangalie mdomo wa mtoto huyu umepitia nini. Kitu cha kwanza kuingia humo hakikuwa titi. Kilikuwa mpira wa mashine, ukabandikwa plasta midomoni, ukakaa wiki 5. Kila mara ukaja mwingine wa kuvuta makohozi, unaokwaruza koo. Kisha mrija wa kulishia. Wenzake walipokuwa wanajifunza kwamba kitu kikigusa mdomo huja utamu na joto la mama, yeye alikuwa anajifunza kwamba kitu kikigusa mdomo huja kubanwa. Alipotoka huko akakutana na chupa inayomnyima pumzi, kisha kijiko kinachokuja na shuka na mikono miwili kichwani. Akitapika kabla kijiko hakijafika, mwili wake unamkinga na kitu ambacho mara zote kimekuwa kibaya. Mimi naona amejifunza vizuri sana, ila somo lenyewe ndilo lilikuwa baya, na kumfunza jingine inawezekana.

Sikusemi wala sikulaumu. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi na nimewaona akina mama wapole kuliko wewe wakifanya hivyohivyo kwa sababu mizani ilikuwa inawatisha. Lakini shuka hilo likunje leo. Mtoto anayelia huvuta pumzi ndefu ghafla, na kilichoko mdomoni hufuata hewa. Sote tumewahi kupaliwa, tunajua tunavyokohoa hadi machozi. Ila baadhi ya watoto hawa, hasa waliokaa na mipira kooni, hupaliwa kimyakimya. Maziwa yanaingia njia ya hewa na hawakohoi hata kidogo. Utasikia tu sauti inakuwa na majimaji baada ya kula, au kifua kinakoroma jioni, au homa inakuja bila sababu, au nimonia inarudi muda mfupi baada ya ile ya kwanza.

Umenitajia nimonia mbili ndani ya miezi mitatu. Siwezi kukuambia kutoka hapa nilipo kwamba zimetokana na kupaliwa, lakini ni swali ambalo lazima liulizwe, na chupa ya usingizini inalifanya liwe la haraka zaidi. Mtoto aliyelala hajipangi vizuri kumeza, na wala hajifunzi chochote kuhusu kula. Mwambie daktari yote, hata la shuka, hata la usiku. Hatakugombeza, na kama atakugombeza bado utakuwa umemsaidia mtoto. Omba kipimo cha kumeza. Kuna cha eksirei ya mwendo: mtoto hupewa kinywaji kilichochanganywa na dawa inayoonekana kwenye picha, na wataalamu hutazama kwenye kioo kinapopita, kama ni koo la chakula au la hewa. Kuna pia cha kamera nyembamba inayopitishwa puani. Kwa mtoto wako ndicho kipimo ambacho ningekidai kabla ya kingine chochote, kwa sababu majibu yake yanaamua kama mdomo unaruhusiwa kumeza sasa hivi au upumzishwe kwanza.

Hapo kuna mtego mmoja nikuonye. Watu watakushauri uyafanye maziwa mazito ili asipaliwe. Wakati mwingine wataalamu hufanya hivyo kweli, baada ya kipimo. Usifanye mwenyewe. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jeli moja ya kufanya maziwa yawe mazito, baada ya watoto njiti waliopewa kupata ugonjwa mkali wa utumbo. Cha kuyafanya mazito, kiasi gani, na kwa umri gani, ni uamuzi wa daktari.

Tuje kwenye mrija, maana ndio uliokuliza.

Chukua kalamu tupige hesabu. Maziwa ya mama, au ya kopo yaliyochanganywa kawaida, yana kama kalori 67 kwa kila mililita 100. Kwa hiyo mililita 650 zinampa kama kalori 435 kwa siku. Mtoto mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayetakiwa kufidia uzito huhitaji mara nyingi kalori 120 hadi 150 kwa kila kilo, kwa kuwa misuli yake ya kifua inafanya kazi mchana na usiku kama ya mtu anayekimbia. Kwa kilo 6.6, hata tukichukua 120, ni kalori 792. Anapata zaidi kidogo tu ya nusu. Vijiko viwili unavyopigania kwa jasho na machozi haviwezi kulifunika pengo hilo. Ungekuwa na mikono sita na shuka kumi, hesabu ingebaki ileile.

Na kinachodaiwa hapo ni zaidi ya mashavu kujaa. Mapafu ya mtoto huendelea kuota vifuko vipya vya hewa baada ya kuzaliwa, na miaka ya mwanzo ndiyo kazi hiyo inapokwenda kasi. Dawa ya kuyarudisha mapafu ya BPD upya haipo. Kinachoyasaidia zaidi ni kuota mapafu mapya kando ya yale yaliyoumia, na mapafu hayaoti kwa mtoto asiyekua. Baba yake anaposema tusubiri, mwonyeshe hesabu hii. Kusubiri kuna gharama, na inalipwa na kifua cha mtoto.

Hadi sasa mdomo wa mwanao umebebeshwa kazi mbili kwa pamoja: kumshibisha, na kujifunza kula. Hauziwezi zote mbili. Mrija uchukue kazi ya kushibisha, mdomo ubaki na kujifunza. Hiyo ndiyo tiba yenyewe kwa kifupi, mengine yote ni namna ya kuitekeleza. Siku utakapojua ameshashiba kwa njia nyingine, mikono yako itaacha kutetemeka. Naye atauona uso wako umelegea, na kwa mtoto wa umri huu uso wa mama ni sehemu ya chakula.

Usishangae wakianza polepole. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu hapandishiwi chakula siku moja, madini ya damu yanaweza kuvurugika, kwa hiyo wataongeza hatua kwa hatua na pengine wampime damu. Mtaalamu wa lishe anaweza pia kuongeza nguvu ya maziwa, yafike kalori 80 hadi 100 kwa mililita 100, ili apate kingi ndani ya kidogo. Hilo linawafaa hasa watoto ambao mapafu yao hayapendi maji mengi mwilini. Usijaribu kwa kuzidisha unga wa kopo kwa jicho. Maziwa mazito kupita kiasi huleta kuhara na kuzidisha chumvi mwilini.

Mrija wa puani una adha zake. Unakera koo, unavutwa, plasta inachubua shavu, na unaweza kuhama. Utafundishwa kuupima kabla ya kila mlo: unavuta majimaji kidogo kutoka tumboni na kuyagusisha kwenye karatasi ya kupimia asidi, isome 5.5 au chini ya hapo. Ikisoma juu, au alama ya mrija puani imesogea, au anakohoa na kubadilika rangi, humimini kitu hadi uhakikishiwe uko mahali pake. Wiki za mwanzo utafanya hivyo kwa hofu, kisha utafanya huku unaongea na simu.

Ikionekana safari ni ndefu, kwa wengi ni mrija unapoelekea miezi mitatu bila dalili ya kuuacha, ndipo huzungumzwa gastrostomi, yaani tundu dogo la kwenda tumboni. Najua neno "kutobolewa" linavyosikika. Nimewaona watoto waliofanyiwa. Uso unabaki huru, pua iko wazi kwa oksijeni, koo halina kinachokwaruza, na kwa mtoto anayeogopa kila kinachogusa mdomo huo ni unafuu mkubwa. Anaoga, anatambaa, analala kifudifudi akipenda kucheza hivyo, na anaruhusiwa kula kwa mdomo kama kawaida ikiwa kumeza kwake ni salama. Lina kero zake pia: huvuja, nyama huota pembeni ya tundu, ngozi hupata maambukizi. Mrija ukichomoka ni safari ya hospitali palepale, kwani tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Hatari yenyewe kwa mtoto wako ni dawa ya usingizi, kwa sababu ya mapafu. Kwa hiyo upasuaji hupangwa kifua kikiwa kimetulia, si wiki mbili baada ya nimonia, na panapo watu waliozoea kuwalaza watoto wa aina yake. Muulize daktari swali hilo bila haya. Siku likiwa halihitajiki tena hutolewa, na mara nyingi tundu hujifunga lenyewe. Wachache huhitaji kushonwa.

Mama mkwe ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo tuiheshimu. Mtoto anayelishwa kwa mrija miezi na miezi bila mdomo wake kuguswa na chochote, kweli husahau, au tuseme hajifunzi. Kinachomsahaulisha ni mdomo kuachwa bila kazi. Mrija ukiingia, hapo ndipo shughuli ya mdomo inaanza, na nakuomba shughuli hiyo umpe mama mkwe sehemu, kwa sababu inahitaji mtu mwenye muda na asiye na mizani kichwani.

Inaanzia mbali na mdomo. Kwanza mtoto acheze na chakula kwa mikono, ajipake, akiponde, akitupe. Najua kinaharibika, lakini yeye yuko darasani. Mkono wake mwenyewe ndio kijiko cha kwanza, kwa sababu anaweza kuurudisha nyuma akitaka. Ukimgusa, anza begani, kisha shavuni, na akigeuza uso unaacha. Kuacha huko ni nusu ya dawa: kila unapoacha alipokuambia acha, anapata ushahidi kwamba safari hii mdomo ni wake. Wiki nyingine atalamba kidole chenye ladha. Wiki nyingine hatafanya chochote. Usimpigie makofi sana akilamba, wala usinune asipolamba, watoto hawa wana pua kali ya kunusa matarajio yetu.

Maziwa ya mrija mpe wakati wengine wanakula, akiwa amekaa nao mezani, ameshika kitu cha kutafuna au chuchu ya kunyonya ikiwa anaikubali, ili tumbo kujaa kuungane kichwani mwake na mdomo kufanya kazi na watu kucheka. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, nusu saa ndiyo mwisho. Baada ya hapo mtoto mwenye BPD anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza. Kati ya mlo na mlo asidonoedonoe, ili apate nafasi ya kusikia njaa, hisia ambayo pengine hajawahi kuijua sawasawa. Video za simu za kumpumbaza ili afungue mdomo ziache. Hazimwumizi kama shuka, lakini nazo zinampitishia chakula bila yeye kuwepo.

Chupa, kama kipimo kitairuhusu, ina namna yake. Mlaze kwa ubavu kwenye mapaja yako, kichwa kikiwa juu kidogo, badala ya chali. Tumia chuchu inayotoa polepole. Akinyonya mara tatu nne, inamisha chupa maziwa yarudi nyuma apumue, usingoje ajinasue mwenyewe. Tazama pua zikitanuka, mbavu zikididimia, vidole vikichanuka, nyusi zikikunjamana, midomo ikibadilika rangi: mlo umekwisha, hata kama chupa imebaki nusu. Iliyobaki itakwenda kwa mrija, hakuna aliyeshindwa. Na siku ambayo anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika kabla hata hujaanza, mdomo upumzike kabisa. Midomo ikiwa ya bluu, akilegea au akishindwa kuamka vizuri, hiyo ni dharura, si siku ya kunisubiri nijibu barua.

Kama mnaweza kumpata mtaalamu wa tiba ya usemi anayeshughulikia pia umezaji, mng'ang'anieni. Watu hudhani ni wa watoto wasioongea tu, kumbe mdomo kama huu ndio kazi yake. Daktari wa mapafu, mtu wa lishe na huyo wa umezaji wakikaa meza moja, hata mara moja kwa miezi miwili, utaona tofauti kuliko ukiwaona mmojammoja kila mmoja na ushauri wake.

Mambo mengine mawili ya kuuliza, kwa ufupi. Kama anatumia dawa ya kukojoza kwa ajili ya mapafu, apimwe chumvi za damu, kwani zikipungua hukwamisha ukuaji hata chakula kikitosha. Na kama anacheua sana, usikimbilie dawa za kupunguza asidi. Hazizuii maziwa kurudi, zinapunguza ukali wake tu, na zimehusishwa na maambukizi zaidi ya kifua. Kumshika wima baada ya kula na kumimina maziwa ya mrija polepole mara nyingi husaidia kuliko chupa ya dawa.

Umeniuliza kama kuna siku atakula. Watoto wengi wa namna hii hufika, lakini kwa kalenda yao, na mara nyingi kalenda hiyo inahesabiwa kwa miezi mingi, kwa wengine kwa miaka. Kwanza mpunguzie wiki 13 alizowahi: usimlinganishe na watoto wa miezi 14, mlinganishe na wa miezi 11. Pili, kuachishwa mrija kuna wakati wake. Hospitali kama ile ya chuo kikuu cha Graz, Austria, zimejulikana kwa kuwapunguzia watoto maziwa ya mrija kwa makusudi ili njaa iwaamshe, chini ya macho ya timu nzima. Utasikia habari hizo na utatamani. Lakini katika mipango ya namna hiyo mtoto hupoteza uzito kwanza, hata sehemu moja ya kumi, na wako hana hata gramu ya kupoteza. Aongezeke kwanza, apumue kwa utulivu, apite msimu mmoja bila kulazwa, aonyeshe kwamba anakipenda kitu fulani mdomoni. Hapo ndipo wewe na daktari mtaanza kupunguza mlo mmoja wa mrija, si yote.

Wanaovuta sigara wasimkaribie, na wasikaribie kabisa chumba chenye oksijeni. Chanjo zake zisichelewe. Mafua ambayo kwako ni kitambaa cha pua, kwake ni wiki mbili za kula zilizopotea.

Na wewe ulale. Mrija ukiwekwa, usiku wa maziwa unaweza kugawanywa, kwa sababu kupima na kumimina anaweza kufundishwa baba yake pia. Mwombe aje nawe siku ya mafunzo, akalishike bomba kwa mikono yake. Mara nyingi mwanamume anayesema "tusubiri" anaogopa tu kitu ambacho hajawahi kukishika.

Kile kijiko mnachokitumia sasa kitoe kabisa machoni pake, anakijua. Mtafutie kingine, laini, cha rangi tofauti, kisicho na kitu ndani, mpe akiwa anacheza sakafuni na usimwambie ni cha nini. Akikitia mdomoni mwenyewe, angalia pembeni kama hujaona, halafu uniandikie.

Shangazi